Mshono wa Siyu

Famau aliileta ndani ya mfuko wa sukari,
akaiweka mezani baina ya pete na mizani.
"Ya babu. Ina mteja Nairobi.
Mteja ataka shaba tupu, ing'ae.
Hiyo ngozi, ibambue."

Nikavaa miwani yangu ya duka la dawa.
Akacheka: "Mato yamekushinda ya karibu,
wataka kunitengezea ya mbali?"
Nikamwambia aje Alhamisi.

Mlango nikaurudisha. Langoni kuna kelele,
punda wawili wamekutana na mizigo ya matofali,
kila mwenye punda anamwamuru mwenzake arudi nyuma.

Nilianza na hesi.
Shaba iliyokula chumvi hulia ikifunguliwa,
mlio mwembamba, kama paka
aliyekanyagwa mkia chumba cha pili.
Mafuta ya nazi, tone moja. Subira, saa nzima.
Kisha robo mzunguko. Kisha robo.
Aliyezichonga hakuwa na haraka:
meno membamba kuliko mistari ya kidole changu,
na baada ya miaka sijui mingapi
kila jino lingali linajua nafasi yake.

Vioo vilikuwa sita. Nikavipanga juu ya bafta.
Kile kikubwa cha mbele, kumbe ni viwili
vilivyogandishwa kwa utomvu wa mti nisioujua,
na baina yao ukungu umeota matawi,
msitu mdogo mweupe usiotaka udongo.
Huo sikuugusa. Yako maradhi
ambayo dawa yake humaliza mgonjwa.

Nikafika kwenye ngozi.
Kisu nilikwisha kukinoa.
Ngozi ya mbuzi, nyeusi, imelivaa bomba
kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwenyewe,
na ubavuni unapita mshono.
Hapo mkono ukasita.

Mshono ule naujua.
Mzaa mama yangu, Shekuwe, wa Siyu,
alishona makubadhi hivyohivyo: sindano mbele mara mbili,
nyuma mara moja, kisha uzi ukajifiche
chini ya ukingo, mvua isiuone.
Nikahesabu hatua zake: arubaini na moja.
Ya thelathini imepinda. Labda aliitwa kula.
Labda taa iliishiwa mafuta.

Nikafumua mbili tu, nichungulie.
Chini ya ngozi shaba imepasuka
toka pete hadi pete, ufa wa kupenya ukucha.
Kumbe hili si pambo.
Bomba zima linasimama kwa uzi.

Zile mbili nikazishona upya, katani na nta.
Zinajulikana. Mkono wangu si wake.

Mara ya kwanza nilisahau vioo viwili kwenye bafta.
Nikapanda darini, nikatazama:
Lamu inaning'inia!
Punda anapita chini ya sakafu ya dunia
na mzigo haumwagiki,
mnara umechomekwa mbinguni kwa ncha,
jirani yangu Bi Rukia anaanika leso zinazoangukia juu.
Nilicheka peke yangu mpaka kioo kikalowa.
Nikashuka, nikavirudisha.

Alhamisi. "Na ngozi je?"
"Tazama kwanza."
Akailekeza upande wa Manda,
akanyamaza muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.
"Namuona mtu ajikuna mgongo," akasema,
"na hajui."

Nikamwambia: ibambue, itafunguka kama ganda la ndizi.
Nikaiona bei machoni mwake, ikipanda, ikishuka.
"Mteja ataniuliza imetengezwa na nani."
"Kwenye shaba pana jina, nusu limelika.
Kwenye ngozi hapana.
Mwambie mafundi walikuwa wawili."
Watatu, nilitaka kusema. Nikaona haya.

Akanilipa pungufu mia mbili, kwa sababu ya ngozi.

Uzi nilioufumua ninao,
urefu wa kope, ndani ya kisanduku cha pete.
Kila nikitaka kuutazama
sharti kwanza niitafute miwani.